Namba Usiyoijua

Asubuhi hiyo mwalimu asiye na darasa alikuwa amechuchumaa, ameuzamisha mpira wa baiskeli kwenye karai la maji akitafuta pancha, simu ilipomtetemekea mfukoni. Akaitoa, akaitazama. Namba ngeni. Akairudisha.

"Wapenzi wako hao!" fundi, bosi wake, akacheka. "Siku haipiti bila kukutafuta."

Jamani, msimcheke. Mkopo ulimpa shahada ya kufundisha kemia, kazi haukumpa. Malipo yalipomshinda, faini ikapanda juu ya riba, na watu wa mkopo wakawa hawampi pumzi, kila mara kwa namba mpya. Mama yake, aliyemdhamini, naye hakupona: walimsumbua mpaka presha ikampanda. Ndipo mwanawe akamfundisha, "Mama, namba usiyoijua, achana nayo kabisa."

Ila wiki hiyo roho yake ilikuwa juu juu. Alikuwa amefanya usaili shule moja ya sekondari, bila kumwambia mama kwanza, na mwalimu mkuu akamwahidi, "Tutakupigia." Namba ya mkuu aliihifadhi kwa jina, akatulia akijua haitampita.

Alasiri mama akaja kibandani kwa fundi, uso umemng'aa kwa furaha.

"Mwanangu, leo nimewakomesha! Wamepiga weee, sikupokea. Wakatuma na ujumbe, eti ni ofisi ya shule, upige kabla ya saa sita. Wajanja hao! Nikaufuta."

Mpira ukamponyoka. Akaipigia ile namba ya asubuhi, mikono ikichuruzika maji.

"Pole sana, kaka," karani wa shule akamwambia. "Tulikutafuta wewe, tukamtafuta na mama yako uliyemwandika kwenye maombi. Mkuu ameshampa mwingine."

Mama alikuwa akimtazama usoni, tabasamu likimwisha taratibu. "Nani huyo? Mwanangu, nimekosea?"

"Hapana, mama. Umefanya vile vile nilivyokufundisha."

Simu ikaita tena. Namba ngeni nyingine. Mama akamdaka mkono haraka. "Achana nayo!"

Akautoa mkono wa mama polepole, akajifuta maji kwenye suruali, akapokea.

"Halo? Ndiyo, ni mimi. Najua, wa mkopo. Kazi sina, nilikuwa karibu kuipata leo. Lakini mama yangu mwacheni. Mimi nipo, sikimbii tena. Tuongee."