Panya Wenye Damu ya Werema

Mama alikataa kunyolewa. Matanga ya kaka yangu yalikwisha, wanawake wote wa boma letu walikuwa na vichwa vinavyong'aa kama sufuria mpya, ila yeye na nywele zake. Kwetu Wakurya usiponyoa, marehemu bado hajaenda. Na kosa lilikuwa langu.

Mwaka ule Tarime nzima ilikuwa inachimba dhahabu, hata walimu. Kaka yangu Werema aliacha duara lake, shimo alilochimbia dhahabu, damu ilipoanza kumtoka puani kila siku. Hospitalini Mwanza wakasema ni saratani ya damu. Dokta Lilian akamtoboa nyonga, akachukua uboho, ule wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, akaomba ruhusa ya kuupeleka Ulaya. Huko wana panya waliozaliwa bila kinga. Ukiwapandikizia uboho wa mtu hawaukatai. Wanatengeneza damu yake, ugonjwa wake wote ukiwemo, na dawa zinajaribiwa kwao kwanza.

Mama hakuelewa. Mimi mwenye kidato cha nne na mdomo usio na breki nikamfafanulia: "Werema hataki kuoa, lakini sasa una wajukuu thelathini Ulaya. Shida yao mikia tu."

Alicheka mpaka Werema naye akacheka kitandani. Sikumsikia Werema akicheka tena.

Sasa, nikiwa nimeshika wembe, Mama alinitazama. "Wale wajukuu bado wana damu yake?"

"Mama, nilikuwa nakutania."

"Daktari hakutania. Damu ya mwanangu inatembea huko, wewe unaniletea wembe. Piga simu."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili asikie mwenyewe.

"Shikamoo, Mama," alisema Dokta Lilian. Kisha akasema taratibu kwamba dawa zote walizojaribu kwa panya zilishindwa. Wa mwisho alikufa Jumanne.

"Walizikwa?"

"Walichomwa, Mama. Ndio utaratibu wao."

Simu ikakatika yenyewe, salio limeisha.

"Hata mmoja hakubaki," alisema. Akavuta kigoda, akafungua kitambaa kichwani. "Ninyoe wewe. Wewe ndiye uliyenipa wajukuu."

Nilitafuta neno la kumchekesha, sikulipata. Nikalowesha nywele zake, nikaanzia kisogoni ili asinione uso.