Baiskeli Juu ya Gari

Scolastica alifariki siku ya Jumanne, saa sita na dakika kumi mchana, ndani ya gari la chama, gari likiwa limesimama. Lilisimama saa tatu na nusu asubuhi katikati ya mlima unaofuata daraja la mbao, kilomita tatu kutoka kitongojini na kilomita tano kabla ya barabara kubwa. Adelfina, mkunga mstaafu na katibu wa chama, aliandika hayo katika daftari la safari. Hakuongeza neno.

Chama chenyewe kilikuwa na umri mkubwa kuliko gari. Kilianzishwa na mababu wa kitongoji hicho cha Murusagamba kwa ajili ya ingobyi, yaani machela: miti miwili mirefu yenye kitanda kilichosukwa kati yake. Watu wanne hubeba mabegani na wanne hufuata nyuma ili kupokezana. Kila nyumba hutoa bega moja. Sheria zake hazikuwahi kuandikwa, lakini hata watoto walizijua. Asiyebeba habebwi. Nyumba iliyofiwa mwisho ndiyo husema kwanza mkutanoni. Na nyumba moja ikikataa jambo, jambo hilo halifanyiki, kwa sababu bega la mtu halichukuliwi kwa nguvu.

Miaka minne kabla ya kifo cha Scolastica, nyumba thelathini na moja za chama zilichanga zikanunua gari lililotumika, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye nafasi ya kumlaza mgonjwa nyuma. Kwa hesabu ya daftari lilibeba wagonjwa mia moja arobaini na watatu. Mara kumi na moja liligoma njiani, na kati ya hizo mara tisa sababu ilikuwa moja: kuchemsha mlimani. Mara ya kumi na moja silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ilipasuka, na hapo ndipo safari ya Scolastica ilipoishia. Fundi wa Ngara mjini alilifungua, akalitazama, akalifunika tena: halikuwa la kutengenezeka.

Miezi mitano baadaye chama kilikutana baada ya misa ya Jumapili. Masika yalikuwa yamebakiza wiki chache. Iteka, binti wa marehemu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Adelfina alikuwa amemwambia mbele ya mumewe kwamba asithubutu kuzalia nyumbani.

"Kuna gari Runazi, kule Biharamulo," alisema Novatus, mwenyekiti. "Aina ile ile, rangi tu tofauti. Ni la mfanyabiashara wa mahindi anayeitwa Projestus. Baba Iteka, nyumba yako ndiyo husema kwanza."

Frednand, mume wa Scolastica, hakusimama. "Nyumba yangu inasema hapana."

"Hapana kwa gari, au hapana kwa gari hilo?"

"Kwa hilo. Nunueni jingine. Nunueni punda mkitaka."

"Punda ataupanda ule mlima?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Ataupanda, ila ukifika juu atakuwa amemaliza uji wa mgonjwa," akajibu mwingine.

Wachache walicheka, kisha wakamtazama Frednand wakaacha.

Xavery, dereva wa chama, alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa kiasi kilichochangwa hakukuwa na aina nyingine inayopita barabara ile wakati wa mvua. Zilizokuwapo za bei hiyo zilikuwa za kutembelea lami. "Na spea za aina ile utazipata hata kwa muuza chumvi," aliongeza.

"Zinapatikana kwa sababu linakufa kila siku," alisema Frednand.

Iteka alikuwa ameketi kwenye benchi la wanawake, mkono mmoja kiunoni. "Baba, mimi sina sauti kwenye chama, mwenye sauti ni mume wangu. Ila tumbo ni langu. Nitapelekwa na nini?"

Frednand aliinamisha kichwa. Alitazama kofia yake.

Adelfina alifungua daftari la safari. Alisema kwamba daftari lake lilijua gari moja tu, na gari moja halitoshi kuhukumu aina nzima. Runazi na vijiji vya jirani kulikuwa na wenye magari ya aina hiyo, wakulima na wachuuzi, si mawakala. Waulizwe swali moja: kama ungeanza upya, ungelinunua tena?

"Nenda kawaulize, sista," alisema Frednand.

"Twende wote. Nikienda peke yangu utasema nimetunga majibu."

Waliondoka Jumatano kwa basi la Biharamulo, na kutoka barabara kubwa wakachukua bodaboda mbili hadi Runazi. Kwa siku mbili walipita kwenye mashine za kusaga, maduka na mashamba ya muhogo. Adelfina aliuliza kila mmoja kwa maneno yale yale na kuandika. Walipata wenye magari saba.

Speciosa, mwenye duka la vifaa vya shule, hakusubiri swali limalizike. "Hata nikipewa bure na shada la maua juu! Limeniacha kwenye tope na maboksi sita ya madaftari. Nililia, mama, nakuapia."

"Nani huliendesha?" Adelfina aliuliza.

"Dereva. Mimi hata kulifungua boneti sijui."

Mzee mmoja wa mihogo alisema angelinunua kesho asubuhi. Alilijua kama anavyomjua mke wake: likianza kunuka njiani, analipumzisha na kulinywesha maji ya dumu lake kabla halijaomba. Mwingine alifungua mlango wa nyuma akawaonyesha madumu mawili ya maji, kamba, na godoro. "Godoro la nini?" aliuliza Frednand. "La kulala," alijibu yule mtu, akishangaa kuulizwa.

Projestus, mwenye gari la kuuza, walimkuta akipanga magunia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye vumbi la mahindi hadi kwenye kope.

"Shikamooni."

"Marahaba," walijibu pamoja.

Gari lilikuwa chini ya banda, jeupe. Frednand alisimama hatua tano kutoka kwake na hakusogea. Juu ya paa, kwenye keria, kulikuwa na baiskeli iliyofungwa kwa mpira.

"Kwa nini unaliuza?" aliuliza Adelfina.

"Nimepata jingine, mama."

"La aina gani?"

Projestus alicheka kidogo kwa aibu. "Hii hii. La mwaka wa mbele kidogo."

"Hili linachemsha?"

"Linachemsha. Nikikwambia halichemshi nitakuwa nimekudanganya, na Murusagamba si mbali, mtakuja kunidai roho yangu. Nimebadili rejeta na feni. Mlima mrefu, mzigo mzito, jua kali, litachemsha tu."

"Na bado umenunua jingine."

"Ubovu wake naujua. Nikinunua lingine nitaanza kujifunza ubovu mpya, na shule hiyo ada yake ni kubwa."

Frednand alinyosha kidole kuelekea kwenye paa. "Ile baiskeli juu. Unaiuza pamoja?"

"Hapana, baba. Hiyo nahamia nayo."

"Ni ya nini?"

"Ya kuondokea. Gari likigoma naishusha, naenda zangu. Kama nina mtu mgonjwa nampakia, tunaendelea. Siwezi kukaa porini nasubiri chuma kipoe."

Frednand aliitazama baiskeli ile kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. Kisha akaenda akaketi kwenye gunia tupu kando ya banda.  Kwenye basi la kurudi Ngara Adelfina alipanga majibu katika ukurasa mmoja. Watano wangelinunua tena, wawili wasingelinunua. Kisha akaona jambo ambalo hakuwa ameliulizia. Wale wawili waliokataa walikuwa na gari tu. Wale watano kila mmoja alikuwa amebeba kitu cha siku litakapogoma.

Katika kurasa za mwisho za daftari la safari kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo aliiandika wiki ile ya msiba na hakuwahi kumsomea mtu. Ilikuwa hesabu fupi. Kama wabebaji wangepigiwa simu saa tatu na nusu, ingobyi ingefika mlimani baada ya dakika arobaini. Kutoka pale hadi barabara kubwa, kwa mwendo wa wabebaji wanane, saa moja na robo. Scolastica angefika penye magari saa tano na dakika ishirini na tano, dakika arobaini na tano kabla ya saa aliyokata roho, na hospitali ilikuwa nusu saa kutoka pale. Kama angepona au la, hesabu haikuweza kusema. Ilisema tu kwamba angefika akiwa hai.

Jumapili chama kilikutana tena. Adelfina alisoma majibu yote saba, la Speciosa pamoja na shada lake la maua, bila kubadili sauti. Alipomaliza, Novatus alimgeukia Frednand.

Safari hii Frednand alisimama.

"Nyote mnajua kwamba mimi ndiye mkuu wa wabebaji. Mwaka wa pili wa gari nilileta hoja hapa kwamba zamu za kubeba zifutwe, watu wapumzike, gari lipo. Ingobyi niliichukua nyumbani kwangu. Msimu uliofuata nikaanikia maharage."

Mtu mmoja alikohoa. Frednand alimtazama dereva.

"Siku ile gari liliposimama, Xavery aliniuliza, 'Mzee, tuagize ingobyi?' Xavery, uliuliza au hukuuliza?"

"Niliuliza, mzee."

"Nikamwambia tusubiri, litapoa. Scolastica alisikia. Akasema, 'Haya, tusubiri.' Nilisema hivyo kwa sababu ingobyi ilikuwa na maharage juu yake, na sikujua tena nani ni wa zamu. Niliona aibu kupiga simu. Nikadhani ni nusu saa. Kisha nikadhani ni nusu saa nyingine." Alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Miezi mitano nimelisingizia gari."

Novatus alifungua mdomo, labda kumfariji, lakini Adelfina alitangulia.

"Hoja ya kufuta zamu ilipita bila nyumba hata moja kukataa," alisema. "Niliiandika mimi. Ukurasa ninao hapa. Nyumba thelathini na moja, pamoja na yangu."

Hakusema kwamba hakukuwa na kosa. Hakuona sababu ya kusema lisilo kweli. Karatasi iliyokunjwa aliiacha mahali pake, kwa kuwa aliyestahili kuijua alikuwa ameshaijua.

"Nyumba yangu inasema ndiyo," alisema Frednand. "Liwe lile lile, la Runazi. Lakini ingobyi ipande juu ya gari, ifungwe pale kwenye keria, isishuke kwa kazi nyingine. Na zamu zirudi kuanzia leo. Ya kwanza ni yangu."

Hakuna nyumba iliyokataa.

Gari lilifika kabla ya mvua kubwa, na Xavery alilijaribu mlimani mara nne likiwa tupu. Mara ya nne lilichemsha. Frednand alisuka upya kitanda cha ingobyi, akabadili mti mmoja uliokuwa na ufa, akaifunga juu ya paa mwenyewe.

Uchungu wa Iteka ulimwanza siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Adelfina aliketi naye nyuma ya gari pamoja na mumewe. Walipotaka kuondoka walimtafuta Frednand hawakumwona. Alikuwa ameshatangulia kwa miguu na watu saba wa zamu.

Walikuwa mlimani, mahali pale pale, wamesimama kando ya barabara chini ya majani ya migomba waliyoyakata kujikinga na mvua. Walilisikia gari likivuka daraja, likibadilisha gia, likianza kupanda.  Injini ilibadilika sauti kwenye kona, ikawa nzito, na mvuke mwembamba ukaonekana pembeni mwa boneti, au labda ilikuwa mvua tu ikigusa bati la moto. Frednand alivua koti akalikunja, akaliweka begani kama mto, jinsi wabebaji wafanyavyo. Wenzake wakafanya hivyo hivyo.

Gari liliwafikia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Xavery alitazama mbele tu. Nyuma ya kioo kilichojaa ukungu Iteka aligeuza uso akamwona baba yake, akainua kiganja. Gari lilipita. Lilifika juu, likapotea upande wa pili, na sauti yake ikaendelea kusikika hadi ikamezwa na mvua.

"Twende nyumbani, mzee?" aliuliza mmoja wa wale saba.

"Bado."

Walikaa pale saa mbili na dakika kumi, mpaka simu ya Frednand ilipolia na Adelfina akasema kwamba Iteka ameingizwa chumba cha upasuaji. Ndipo walipoanza kuteremka.

Mtoto alikuwa wa kiume, kilo tatu na robo. Xavery alirudi jioni ile na gari. Frednand alimkuta uwanjani akimimina maji kwenye rejeta.

"Mshale wa joto ulifika wapi pale mlimani?"

Xavery alisita. "Kwenye nyekundu, mzee. Ulipogusa tu nikafika juu."

Frednand aliitikia kwa kichwa, akapanda juu ya gurudumu, akaanza kupapasa ingobyi kamba moja baada ya nyingine. Ya upande wa miguu ilikuwa imelegea kwa mvua. Akaifungua, akaikaza upya.