Mlio wa Mjuaji

Kazi yangu mimi na shemeji ni kutafuta koki. Sizungumzii koki za jikoni. Nazungumzia zile kubwa za chuma zilizozikwa barabarani, ambazo bomba likipasuka lazima mtu azifunge, na ambazo kila anayemwaga lami au kokoto huzifunika bila hata kuomba radhi. Idara ya maji inazo nyingi, na nusu yake hakuna aliyeziona kwa miaka. Mimi naendesha gari na kuchimba. Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, hutangulia na kifaa cha GPS mkononi na mtaimbo begani, na akifika mahali huanza kuigonga ardhi mpaka chuma kimjibu kutoka chini. Sikio lake halina mfano. Kwa pigo moja la mtaimbo anakuambia hili ni jiwe, hili ni bomba, hiki ni kifuniko.

Kile kifaa tulikibandika jina la Mjuaji, kwa sababu hujifanya kujua kila kitu na bado hukosea kwa hatua tatu nne. Kina ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kioo kidogo na vitufe vitano. Ukikichagulia koki unayoitaka, kinakuonyesha mshale na mita zilizobaki. Na ukikaribia kinalia, polepole kwanza, kisha haraka, mpaka ukisimama juu ya koki yenyewe kinalia mfululizo na kukera watu.

Nasema kinalia kwa mazoea tu. Kampuni inayokitengeneza ilitoa apdeti, ofisini wakavichomeka vifaa vyote kwenye kompyuta, vikarudi vimependeza. Ramani za rangi, hali ya hewa, sehemu ya kupimia umetembea kiasi gani ili upunguze kitambi. Mlio haukurudi. Tulibonyeza kila kitufe, tukazunguka kwenye mipangilio yote, hola.

Wenzetu hawakujali, na mimi kusema kweli nilishusha pumzi, maana ule mlio ulikuwa unanifuata mpaka ndotoni. Shemeji aliugua. Asubuhi mlio, jioni mlio. Mimi na yeye tunataniana tangu alipomuoa dada, kwa hiyo nilimwambia kama amekosa wa kumpigia kelele anirudishie dada yangu niende naye zangu. Hakucheka. Akanitaka niwaandikie kampuni, eti mimi ndiye mwenye vidole vyepesi.

Niliandika. Wakajibu wakitushukuru kwa kuchagua bidhaa yao, wakauliza kama tumejaribu kukizima na kukiwasha. Nikaandika tena, safari hii kwa hasira. Wakasema mlio wa kukaribia umeondolewa kwa kuwa watumiaji wake walikuwa wachache mno. Nikamsomea shemeji, nikamwambia hao wachache ni yeye peke yake, na kampuni nzima imekaa kikao kumjadili. Hapo pia hakucheka, na mimi nikamwona ana kichwa kigumu.

Halafu bomba likapasuka kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Tulikuta maji yanaruka mpaka kwenye mabango na mifuko ya saruji inahamishwa mbio mbio. Shemeji aliruka kutoka garini na Mjuaji, akaufuata mshale, akakata kona akaingia mtaa wa nyuma. Nikadhani anajua njia. Alikuwa na uso wa mtu anayejua njia. Aligonga mara chache tu, chuma kikajibu, nikachimba, nikaingiza ufunguo mrefu wa kufungia koki, nikauzungusha mpaka mabega yakaniuma. Koki ikafunga. Tukapongezana.

Upande wa pili maji yakaendelea kuruka kama kawaida. Upande wetu mlango wa saluni ulifunguka, wakatoka wanawake vichwa vyeupe kwa povu, mmoja baada ya mwingine, wote wakitutazama sisi. Mwenye saluni alikuwa amevaa glavu nyeusi za kupakia dawa ya nywele. Aliuliza kwa upole kabisa ni nani aliyekata maji, na upole ule ulinitisha kuliko matusi. Ndani kulikuwa na mteja mwenye dawa kichwani, na dawa ile ikipitiliza bila kuoshwa nywele hubaki kwenye kitana. Niliifungua koki ile kwa kasi ambayo sijawahi kuifanyia serikali.

Tulipokwisha kuipata koki sahihi na kuifunga, nilirudi garini nimefura. Nikamnyang'anya Mjuaji. Kosa lenyewe lilikuwa la kitoto. Siku iliyotangulia tuliichagua koki ya mtaa wa saluni, tukaahirisha kabla ya kuifikia, na ukiachana na koki moja lazima uifute kwenye safari kabla ya kuchagua nyingine, la sivyo mshale unaendelea kukupeleka kulekule. Jina la koki ya jana lilikuwa limekaa juu ya kioo, herufi nene, mtu yeyote angeliona.

Nikampa kifaa, nikamwambia, "Nisomee hapa juu."

Akakiinua, akageuza kichwa upande kama kuku anayeangalia punje. Akasema jua linaakisi. Nikamvuta kwenye kivuli cha gari. Akasema kioo kina vumbi. Nikakifuta kwa ovaroli yangu, nikamrudishia, nikasubiri.

"Katikati pamefutika," alisema mwishowe.

Akanieleza huku akitazama mtaro. Barabara anaiona, magari anayaona, viatu vyangu anaviona. Kila kilicho pembeni kipo. Lakini chochote anachokikazia macho kinatoweka, kana kwamba mtu amepitisha kidole juu ya rangi mbichi. Daktari alishamwambia si suala la miwani. Herufi zilianza kumtoroka zamani, mita nazo zikafuata, na mshale akabaki anaubahatisha. Kilichokuwa kinamfikisha kwenye koki siku zote hizo ni mlio, na mlio ulipoondolewa alibaki na bahati na kumbukumbu. Koki alikuwa akizifuta na kuzichagua kwa kuhesabu mibonyezo ya kitufe, na siku ile kidole kilimponyoka.

Nilimwonea huruma, na ile huruma ikanizidishia hasira. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwa sababu mimi ni ndugu wa mke wake.

"Dada yako asijue," alisema. "Akijua, kesho nimeshastaafu. Atanikalisha kwenye kiti na redio, na kila nikisimama ataniuliza nakwenda wapi."

Sikubisha. Dada ni mtu wa kukata maneno. Alinichagulia hata aina ya viatu vya kazini, na bado navivaa.

Msimamizi wetu yeye ilibidi aambiwe, kwa kuwa mwenye saluni alikuwa ameshampigia simu. Shemeji alimweleza mwenyewe, amesimama wima, kofia mkononi. Msimamizi alishika tama kitambo. Akasema hana sikio jingine la kuweka mahali pa lile, basi shemeji aendelee na mtaimbo na mimi nisome kioo. Lakini tukikata tena maji ya wasiohusika, shemeji atahamia stoo kugawa glavu. Kwa mtu wa barabarani kama yeye, huko ni kumwaga unga huku mshahara unaingia.

Kwa hiyo nikawa mlio. Nilikuwa natembea nyuma yake nikimtajia: thelathini, ishirini, kushoto kidogo, kumi, umepitiliza, rudi. Kazi ilikwenda. Yeye alikuwa anafuata shingo upande. Alisema anajisikia kama mtoto anayefundishwa kutembea, tena mbele za watu. Alitaka kile kitu chake kilie tu, afike mwenyewe, anyamaze. Nilimwelewa, ingawa sauti yangu si mbaya kiasi hicho.

Niliwaandikia kampuni mara ya tatu. Safari hii wakatuma kiungo cha fomu ya kuombea kipengele kilichoondolewa, wakisema maombi yenye sababu nzito hupelekwa kwa wanaotengeneza. Tuliijaza stoo, wakati wa chakula, tumekaa juu ya mabomba, simu yangu gotini. Sehemu ya sababu ilikuwa na nafasi ndogo tu.

Alianza kunitajia. Kwamba jua ni kali. Kwamba kuna vumbi. Kwamba mtu mwenye mtaimbo hawezi kutazama kioo muda wote. Nikaacha kuandika. Nikamwambia hayo nilishawaandikia yote, wakaniambia nizime niwashe.

"Nao wataniona mgonjwa," alisema.

"Hawakujui hata kwa sura, shemeji. Hao ndio watu wepesi kuliko wote wa kuwaambia."

Nje kulikuwa na mtu anakata bomba kwa msumeno, tukamsikiliza mpaka likakatika.

"Andika sioni," alisema.

Nikaandika. Akaniambia niongeze kwamba anatafuta koki, kwamba pembeni anaona na katikati haoni, na kwamba alikuwa akifika kwa kusikia. Akanitaka nimsomee. Nikamsomea. Akasema mimi nimetia heshima nyingi sana, nipunguze, nikapunguza.

Chini kabisa walitaka barua pepe ya kutuma nakala na majibu. Barua pepe ya shemeji ni ile aliyofunguliwa na mkewe, na inaingia kwenye simu ya mkewe, maana yeye hajawahi kuijali. Nilimkumbusha hilo. Nikamwambia tuweke yangu, yaishe, hakuna atakayejua.

Alipangusa magoti yake kwa viganja, ingawa hayakuwa na kitu. Nilijua anatafuta namna ya kumwambia dada, na nilijua kwa mdomo hataipata.

"Weka ya nyumbani," alisema.

Nikaiweka. Nikamtazama, akaitikia kwa kichwa kwamba nitume, nikatuma. Palepale kioo cha simu yangu kikaandika kwamba ombi limepokelewa na nakala imetumwa. Tukaendelea na chakula chetu, au tuseme mimi niliendelea. Yeye alishika kijiko tu.

Simu yake ilipoita aliipapasa akaipokea. Dada ana sauti ya kupenya ukuta, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Nilisubiri nisikie amri: rudi sasa hivi, acha kazi, daktari gani huyo. Hakuna lililokuja. Alipumua kwanza, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo mimi mdogo wake wa tumbo moja sikuwa naijua.

"Ndiyo maana hunitazami?" aliuliza. "Nilidhani umenichoka."

Dada yangu alikuwa amelibeba hilo peke yake ndani ya nyumba, huku akitupangia wote viatu.

Shemeji aliinamisha kichwa. "Nikikutazama usoni unapotea," alisema. "Nikitazama sikio, ndipo nakuona."

Nilimsikia dada anavuta kamasi, kisha anasogeza kitu, kiti labda.

"Basi rudi mapema ulitazame," alisema.

Shemeji akasema sawa, halafu akasema sawa tena. Mimi nilichukua mtaimbo wake na Mjuaji nikatoka kwenda garini, maana walikuwa bado hawajakata simu.