Bima Iko kwa Mama Kadogo

Siku ya kukata bima, karani wa kampuni alimuuliza swali jepesi tu: hati aipate kwa karatasi au kwa simu? Fundi wa makochi akacheka mpaka wateja wengine wakageuka. "Karatasi ya nini, dada? Mambo ya karatasi tumewaachia wazee." Simu yake ilikuwa imepasuka kioo na iko kwa fundi wa simu, kwa hiyo akataja namba ya mkewe. Mwezi haukuisha, mke akaondoka. Akaenda na mtoto, akaenda na simu, na bima ya gari nayo ikaenda.

Fundi wetu hakulikumbuka hilo mpaka Jumamosi hii, askari wa barabarani aliponyoosha mkono.

"Bima, kaka."

"Ipo, afande. Gari ina bima hai kabisa."

"Nioneshe."

"Iko kwa Mama Kadogo."

Askari alimtazama. Mtandao wa kukagulia bima ulikuwa umelala tangu asubuhi, na bila yeye kuona kitu kwa macho yake, gari lisingeondoka. "Si umpigie akutumie," akasema, kana kwamba ni kuomba chumvi kwa jirani.

Mama Kadogo, yule mkewe, alikuwa ameifungia namba ya fundi; siku hizi habari zote zilipita kwa shemeji. Na juzi shemeji alileta neno la mwisho: Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana, njoo umchukue mtoto mkatembee. Usipotokea na safari hii, usijisumbue tena.

Safari zilizotangulia hakutokea. Ilikuwa aibu tu, aibu ya kusimama mlangoni kwa wakwe kama mdaiwa. Lakini mwanamume aseme aibu? Alimpigia mkewe akasema gari limekufa, akampa jirani simu ajifanye makanika. Mara nyingine rafiki yake akawa daktari, akaeleza habari za presha kwa madoido hata fundi mwenyewe akaanza kujihisi mgonjwa. Waliikata simu wakacheka; Mama Kadogo akagundua, ndipo akaifungia namba. Alivyokuwa mjinga!

Leo hakuwa na uongo wowote. Alikuwa amenyoa ndevu, na kiti cha nyuma amekivika kitambaa kipya cha manjano, rangi anayoipenda Kadogo, akakishona kwa mkono pale mashine ilipogoma kuingia. Hata kuchelewa hakuchelewa.

"Afande, salio sina," akasema, maana aliona haya kusema amefungiwa namba. Askari akamhurumia, akampa simu yake, na kwa kelele za malori akaweka spika.

"Mama Kadogo, ni mimi. Nimesimamishwa na trafiki, nakuja huko. Bima imo kwenye simu yako. Nitumie kwa namba hii, nakuomba."

"Mara makanika, mara daktari. Leo trafiki."

"Haki ya Mungu, leo ni kweli! Afande, hebu mwambie."

Askari akainama karibu na simu. "Habari, dada. Mimi ni askari wa barabarani. Mumeo ninaye hapa, hakudanganyi."

"Huyu anajua kuigiza kuliko wale," Mama Kadogo akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, sauti yake ilikuwa imechoka tu, ya mtu aliyekwisha kufunga mlango na sasa anazima taa. "Baba Kadogo, ungesema hutaki kuja. Ningekuelewa."

"Nataka! Nipo njiani, nimevaa, nime..." Machozi yakamtoka mbele ya askari na mbele ya barabara nzima. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ukweli mtupu, na hakuna mahali pa kuupeleka.

Kutoka ndani ya simu, mbali kidogo, kikasikika kisauti: "Ni baba? Amefika?"

"Hapana, mwanangu," mama akajibu. "Vua viatu, uje ule."