Mali ya Shangazi

Siku ya Jumatatu Ungatea aliichukua mashine ya kufulia nguo zikiwa bado zinazunguka ndani. Aliingia jikoni, akachomoa waya ukutani, akasubiri maji yatulie, kisha akazitoa sare za shule zilizojaa povu na kuzirundika kwenye karai la wifi yake.

"Huko Auckland mashine zimejaa madukani," alisema. "Mimi hapa nafua kwa mikono kama kijakazi."

Hingano alikuwa amepiga magoti sakafuni, akizungushia sahani magazeti. "Chukua, wifi," akasema. Jibu jingine halikuwahi kutolewa katika nyumba ile. Maka, mumewe, aliyekuwa akinywa chai pale pale mezani, alikwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Kaka hakai chumba kimoja na dada yake, ni heshima. Hingano aliisikia heshima hiyo ikivaa ndala na kuelekea shambani kwenye magimbi, huku yeye akibaki na karai la nguo na povu.

Jina la Maka lilikuwa limetoka kwenye kura ya ukaazi wa Nyuzilandi. Miezi minne nyumba haikujua kulala mchana: picha za pasipoti, eksirei za kifua, barua ya kazi kutoka kwa mwajiri wa huko, vyeti vya kuzaliwa vilivyoandikwa majina kwa namna tatu tofauti. Sasa ndege ilikuwa ni Jumanne ijayo, na kila mtu alikuwa na lake. Taniela na Sosaia, watoto wa kiume, walikuwa wakigonga misumari kwenye makasha na kugombana nani kapoteza nyundo. Lisia, kitindamimba wa miaka tisa, aliandika kwa kalamu nene juu ya kila kasha, akikosea, akifuta, akiandika tena. Nguruwe walikuwa wakikoroma chini ya sakafu iliyoinuliwa kwa nguzo, hawajui kwamba wamekwisha kugawiwa watu.

Ungatea alikuwa dada mkubwa wa Maka, yaani shangazi wa watoto wale. Pale kisiwani Vava'u shangazi si mtu wa kubishiwa. Harusini yeye ndiye hukalia mikeka mizuri, msibani yeye ndiye hukaa kichwani pa maiti, na akiingia nyumba ya kaka yake akapenda kitu, hicho kitu kimekwenda. Akikasirika, mtoto huumwa. Ndivyo walivyoamini, na hata wale waliosema hawaamini hawakutaka kujaribu.

Jumanne akachukua nguruwe jike aliyekuwa ameahidiwa mchungaji. Jumatano feni. Alhamisi alikuja na gari la mjomba fulani wa kanisani, akaingia chumbani, akafungua sanduku la Hingano, akatoa mkeka wa sherehe, ule wa kujifunga kiunoni, ambao Hingano aliusuka kwa miezi saba, nyuzi zake nyembamba kama nywele.

"Huo nilitaka niende nao, wifi," Hingano alisema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Uende nao wapi? Ukautandike kwenye zulia la Wazungu?" Ungatea alicheka, akaukunja. "Ukae hapa ambapo watu wanajua thamani yake."

Kicheko chake kilimbakia Hingano masikioni mpaka jioni. Alifua kwa mikono akiwa na kicheko kile, akapika akiwa nacho. Miaka kumi na nane amekuwa mke katika ukoo huu! Miaka kumi na nane akipika wa kwanza na kula wa mwisho, akiitika "chukua, wifi" mpaka ulimi umeota sugu. Na mwanamke yule hata asante hasemi, maana nani humshukuru mtu kwa kumpa kilicho chake?

Jumamosi asubuhi Ungatea akachukua kitanda cha Lisia.

Hilo Hingano aliliona jepesi. Kitanda chenyewe kilikuwa mbao nne na godoro lililobonyea katikati. Hakikuwa kinakwenda Auckland. Wavulana walikibeba mpaka kwenye gari, na Ungatea akaondoka akipiga honi. Lisia alisimama mlangoni na kalamu yake nene mkononi.

"Mama," akasema, "Shangazi amesema kitanda kinatangulia."

"Kinatangulia wapi?"

"Kwake. Amesema mimi nitafuata kesho, baada ya kula. Amesema nyinyi mkienda nitakuwa namsomea Biblia na kumpikia chai. Nimwambie nini?"

"Wewe ulimwambia nini?"

Lisia akatazama miguu yake. "Nilisema ndiyo, Shangazi. Mtu anaweza kusema nini kingine?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini sitaki."

Hingano aliliweka kapu la nguo chini taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Halafu akaenda shambani karibu anakimbia.

Maka alikuwa amejiinamia kwenye magimbi ambayo hatayavuna yeye. Alipomwona mkewe anavyokuja alijua, na kujua kwake kulimtia Hingano hasira kuliko jambo lenyewe.

"Ulijua!"

"Alinigusia."

"Alikugusia lini?"

"Wiki iliyopita. Alimtuma mchungaji." Maka alifuta udongo mikononi, ingawa ulikuwa haufutiki. "Hingano, wanawe wote watatu wako Sydney. Wanamtumia picha. Nyumba ile yote yuko peke yake. Na si jambo geni, mimi mwenyewe nililelewa na shangazi, sikufa."

"Sikukuuliza kama ulikufa. Nimekuuliza utamjibu nini."

"Ni dada yangu."

"Na Lisia ni nani yako? Jirani?"

"Unajua siwezi kumwambia hapana. Hata maneno hayo sijui yanavyosemwa mbele yake."

"Basi endelea kuyapalilia magimbi," Hingano alisema. "Nasikia yanasikiliza vizuri."

Alikata njia ya chini kwenda kwa kakake, Feleti, nyumba ya tano baada ya kanisa. Alitaka Feleti aje azungumze na Maka, mwanamume kwa mwanamume. Alikuwa akitembea huku akisema peke yake, na watoto waliokuwa wakicheza barabarani walimpisha.

Feleti alipomwona dada yake akiingia uani, aliinuka, akamwamkia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ni heshima. Akabaki Lupe, mkewe, mwanamke mnene mkimya, aliyekuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Karibu, wifi. Kaa. Nipo nakanda mkate wa kesho."

Hingano akakaa. Maneno yalikuwa hayajapata mpangilio, na kwa kutaka tu kusema jambo lolote kabla hajalia, alipapasa mkeka aliokalia. "Mkeka mzuri huu," akasema. "Mpya?"

Lupe aliosha mikono. Akaja, akapiga magoti, akaanza kuukunja mkeka kuanzia upande wa pili.

"Unafanya nini?"

"Nakufungia uende nao."

"Lupe, mimi sikuuomba!"

"Hujawahi kuomba, wifi," Lupe alisema kwa upole uleule, mikono yake haijasimama. "Wewe husifia. Ulilisifia lile birika. Ukasifia kitambaa changu cha magome ya mti nilichochorewa na mama kabla hajafa. Ndiyo desturi, mimi sisemi kitu. Inuka kidogo, umekalia upindo."

Hingano hakuinuka. Kwanza alitaka kugomba: yeye na Ungatea wapi na wapi? Yeye alichukua kwa adabu, kwa kucheka, kwa mapenzi. Lakini alitazama uso wa Lupe, na pale juu ya uso ule mpole aliona kitu anachokijua vizuri sana, kwa kuwa alikuwa amekibeba yeye mwenyewe tangu Jumatatu. Miaka yote amekuja hapa akanywa chai mbele ya uso huu, asiuone.

"Kitambaa cha mama yako," akasema. "Kwa nini hukuninyima?"

"Kukunyima wewe?" Lupe alicheka kwa mara ya kwanza. "Ungenifanya nini?"

Hingano akafikiri. Akafikiri kwa uaminifu, jambo ambalo si rahisi mtu anapojifikiria mwenyewe. "Ningekasirika," akasema. "Ningekusema kanisani kote. Ningesema kakangu kaoa mchoyo."

"Halafu?"

"Halafu ningekuja tena. Ningekwenda wapi? Hapa ndipo kwa kakangu."

Lupe aliuachia mkeka ukajikunjua sakafuni. Alikaa kitako, mikono mapajani. "Ina maana," akasema polepole, "nimeogopa miaka yote hii bure kabisa?"

Hingano hakumngoja Feleti. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima alijikasirikia, akamkasirikia Maka, akamkasirikia hata marehemu mama yake aliyemfundisha kuitika.

Jumapili baada ya ibada walifukua tanuri la ardhini. Harufu ilijaa uani: nguruwe mdogo, viazi vikuu, majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui. Wavulana walipanga chakula kwenye kapu kubwa la makuti, la kuwatosha watu ishirini, maana mchana wa kuaga hauendi bila majirani. Ungatea alifika wa kwanza, amevaa nyeusi, mkeka wa sherehe umezungushwa kiunoni. Ulikuwa ni ule wa miezi saba. Akaketi kichwani pa meza. Maka akainuka kuelekea mlango wa nyuma.

"Maka," Hingano alisema, "leo kaa."

Maka alisimama pale mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Tusicheleweshe," Ungatea alisema. "Nina dereva anangoja. Lisia, lete nguo zako, mwanangu. Na ile Biblia yenye herufi kubwa."

Lisia hakusogea. Hingano alijipangusa mikono kwa aproni, akaja akasimama mbele ya wifi yake.

"Lisia haendi, wifi."

Ungatea alimtazama kama aliyesikia kiti kikisema. "Umesemaje?"

"Nimesema mtoto haendi. Anakwenda Auckland na wenzake."

"Unao watatu."

"Ninao watatu. Wote wanapanda ndege."

"Nani kakufundisha kusema na mimi hivyo? Mimi ndiye shangazi yake! Mimi ndiye niliyemwogesha alipozaliwa! Wewe uliingia ukoo huu na masanduku mawili!"

"Na moja ulilichukua mwaka wa kwanza," Hingano alisema, na sauti sasa ilikuwa imepata njia. "Chukua na hilo la pili. Nimekupa mashine, nguruwe, feni, mkeka huo uliojifunga, na sikufungua mdomo. Chukua na makasha yote, wavulana watakupakilia. Chukua bati za paa, sisi Jumanne hatupo. Lakini huyu hajasukwa wala hajachongwa. Nimemzaa. Anaogopa giza na hapendi chai. Hutamchukua."

Uani majirani walikuwa wamefika, wamesimama na zawadi zao, hakuna aliyethubutu kuingia wala kuondoka.

"Maka!" Ungatea aliita bila kugeuka. "Unamsikia mkeo?"

Maka alifungua mdomo. Nguruwe walikoroma chini ya sakafu. "Namsikia, dada," akasema hatimaye. Kisha akauvuta mlango wa nyuma ukafungika, naye akiwa upande wa ndani, akaenda akasimama nyuma ya Lisia.

Midomo ya Ungatea ilicheza. Kwa dakika ile alionekana mzee, mwanamke ambaye jioni hiyo angerudi kwenye nyumba yenye vitanda vinne na mlalaji mmoja. Hingano aliliona hilo. Akamhurumia, na hakurudi nyuma hata kwa unywele.

Ungatea akainuka. Akazunguka meza, akashika kapu la chakula kwa vishikio vyote viwili.

"Basi hiki ni changu," akasema. "Chote."

"Chako, wifi."

Kapu lilikuwa zito, halikuinuka. Ungatea alivuta, uso umemwiva, hakutaka kuomba. Hingano akaja akashika upande mmoja, na wale wanawake wawili wakalibeba pamoja, hatua kwa hatua, kupita katikati ya majirani waliokuwa hawajala tangu asubuhi, tui likiwadondokea miguuni. Wakalipandisha garini.

"Mtoto akiumwa," Ungatea alisema, akihema, "usinipigie simu."

"Nitakupigia," Hingano alisema. "Na asipoumwa nitakupigia. Lisia atakusomea Biblia kwenye simu kila Jumapili, ukitaka, usipotaka."

Ungatea alipanda mbele, akabamiza mlango. Gari likaondoka na chakula chote cha kuaga. Hingano alirudi ndani, akawakuta majirani na wanawe na mumewe wameizunguka meza tupu.

"Sosaia, vunja kasha la biskuti," akasema. "Taniela, weka maji. Na wewe, Maka, acha kunitazama hivyo, toa vikombe kwenye magazeti. Vyote."