Nyota ya Loserian

Naserian, mjukuu wangu, aliniita maabara ya chuo chao huku Tengeru nikamfukuze marehemu. Sikuuliza kama chuo kinaruhusu. Nilivaa viatu vya kanisani, nikaenda.

"Shikamoo, Koko," akaniamkia bibi yake.

"Marahaba. Yuko wapi?"

Akanionyesha kisahani cha silikoni, cha kijivu, kinang'aa kama kioo. Ndivyo vinavyokatwakatwa vikawekwa ndani ya simu. Loserian, mchumba wake, ndiye aliyekibonyeza kwa ncha ya almasi kupima ugumu, kisha akakichoma kwenye tanuru. Wiki hiyohiyo lori likamgonga. Tulimzika kwao Olasiti.

Sasa mwalimu wao anataka uso wa kisahani uwe safi kesho, la sivyo Naserian arudie mwaka. Na kisahani ni hicho kimoja.

"Nikisugua, shimo alilobonyeza linafutika. Nikimwagia asidi, anarudi. Tazama."

Nikachungulia kwenye hadubini. Vitundu vidogo vidogo vimejipanga mistari, vinatoka katikati kama nyota. Nikakitemea mate, baraka ya kwetu.

"Koko! Hiyo ni sampuli!"

"Na huyo ni mkwe wangu. Nilimtemea akiwa hai, hakulalamika."

Akacheka, kisha akalia. Akanieleza kwamba ndani mle chembe zimekaa kwa safu kama mahindi shambani. Almasi ikibonyeza, safu zinahama, na kuhama huko kunakwenda chini kuliko shimo lenyewe. Asidi inafichua tu.

"Kumbe unajua si mzimu."

"Najua."

Akaanza kusugua tena, polepole, kama anayempapasa mtoto mgonjwa.

"Mbona hata chapati unasukuma kwa nguvu kuliko hivyo?"

"Nikifika chini, Koko, atakuwa amekwisha."

Nilikuwa nimekuja na utani wa kutosha wiki nzima. Ulinikaukia mdomoni.

"Sugua, mama," nikasema. "Usirudie mwaka kwa ajili ya mtu asiyeweza kukuletea hata soda."

Akasugua kwa mkono wote. Akamwagia asidi, akakisuuza. Vikabaki vitundu vichache, upande mmoja. Akasugua tena bila kuambiwa. Safari hii alitazama kwa muda mrefu, akainuka, akaniachia kiti.

Uso ulikuwa laini, mtupu. Nikapeleka jicho kona hii, kona ile, nikarudia.

"Koko, unatafuta nini?"

Nilikuwa bado nachungulia.