Kamera Moja, Wapigapicha Wawili

Kamera zilikuwa mbili juu ya kioo cha kaunta, na bei yake ilikuwa moja. Hilo ndilo lililowagandisha mume na mke pale dukani tangu saa tatu asubuhi, maana bei zingetofautiana wangekwisha kuamua na kwenda zao kunywa chai.

Zote zilikuwa za daraja la kati, si za anayejifunza wala za tajiri. Ya kwanza ilikuwa kubwa na nzito, na ukibonyeza kitufe mlio wake unasikika mpaka mlangoni. Ya pili, ya kampuni hasimu, ilikuwa ndogo kidogo. Kioo chake cha nyuma kilifunguka na kugeuka upande wowote, hata ukiishika tumboni unaona unachopiga, na ukitaka ipige kwa mnong'ono inapiga kwa mnong'ono. Wapigapicha wa mji ule walikuwa wamegawanyika juu ya kampuni hizo kama mashabiki wa mpira, wakibishana mpaka mate yanawakauka. Muuzaji hakuwa na upande. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

"Zote zinatoka sana, mzee," alisema. "Hapa ni mkono wako tu."

"Mkono wangu unajulikana," alijibu mume.

Mji mzima ulimwita Fundi, hata mama mkwe wake. Studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na kibao cha mlangoni kiliandikwa Fundi kwa herufi nyekundu. Alikuwa mtu wa maneno. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na yeye alikwisha kuwatoa maharusi walionuniana, watoto wanaolia, na mhasibu mmoja ambaye watu waliapa hana meno. Popote walipokwenda alimtambulisha mkewe hivi, na ndivyo alivyomtambulisha asubuhi ile: "Huyu mke wangu, na msaidizi wangu."

Msaidizi alikuwa na kamera yake, kuukuu, na kwenye shughuli walipiga wote wawili. Miezi miwili nyuma kamera hiyo ilizima katikati ya mahafali na haikuwaka tena. Ya Fundi nayo ilikuwa inakohoa, na lenzi zao zote zilishaota ukungu. Akiba yao ilitosha kununua kamera moja tu, kwa hiyo mpigapicha angekuwa mmoja. Fundi alikwisha kupanga. "Wewe utanishikia taa," alimwambia mkewe alfajiri akifunga vifungo vya shati lake la mistari ya kijani, kwa upole kabisa, kama anayempunguzia mzigo.

Mke aliinama kumwangalizia viatu chini ya kitanda. Alikuwa na jambo alilolinyamazia kwa miaka saba, na jambo la miaka saba halisemwi wakati mtu anatafuta viatu.

Jambo lenyewe ni hili. Fundi akiinua kamera, watu hukauka. Hunyoosha shingo, hubana midomo, hukodoa macho. Akishapiga huishusha, hutupia mzaha mmoja, na watu hulegea na kuwa watu tena. Hapo ndipo mkewe, kando yake na nyuma kidogo, alipopiga za kwake. Kila picha iliyotundikwa ukutani katika nyumba za watu, kila moja iliyomfanya mtu aseme Fundi ana mkono, ilipigwa katika sekunde hizo mbili. Kwa kuwa alisimama pale, katika karibu kila picha kiliingia kiwiko cha mumewe pembeni. Yeye ndiye aliyesafisha picha kwenye kompyuta, na jambo la kwanza lilikuwa kukata kiwiko. Kisha alizichanganya zote, Fundi akaja na miwani yake kuchagua, na kila mara akachagua zile. "Unaona huu mkono?" angesema.

Mara ya kwanza mke alitaka kumwambia. Lakini shangazi wa bibi harusi alikuwa amemsifu Fundi mbele za watu, na mwanamume alirudi nyumbani akiimba. Akasema atamwambia kesho. Ukinyamaza mara moja, mara ya pili si kazi. Na haki isemwe, bila mizaha ya mumewe asingekuwa na cha kupiga.

Fundi alianza na ile ndogo. Akamlenga mwanamke wa malipo aliyekaa nyuma ya mashine yake ya risiti, akapiga kama kumi. "Nyepesi mno," alisema. "Mteja akikuona na hii atadhani umeazima." Akamkabidhi mkewe. "Nishikie."

Akaichukua ile kubwa, na uso wake ukachangamka. Ikalia, ikalia tena. Mwanamke wa malipo alikaa wima kama anayeapishwa mahakamani.

Mke aliitazama ile ndogo mikononi mwake. Vidole vyake vilifika kila kitufe bila kutafuta. Aliitaka, tena kwa uchu uliomtia aibu, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Alikifungua kile kioo, akaiweka kamera usawa wa kitovu.

Fundi akashusha yake. "Dada, pumua," alisema. "Kamera haiumi. Anayeuma ni bosi wako huyu na bei zake."

Mwanamke wa malipo aliangua kicheko, bunda la risiti likamruka mkononi. Mke akabonyeza. Hakuna aliyesikia kitu.

Muuzaji alizifungua picha za kamera zote mbili kwenye kompyuta ya duka, moja baada ya nyingine. Zilikuwa safi, na zilichosha. Mwanamke yuleyule, shingo ileile. Kisha ikaja moja ambayo ilimfanya mwanamke mwenyewe ainuke kitini kuja kutazama. Macho yalikuwa yamefumba kwa kicheko, risiti zimetapakaa hewani, na uso una furaha ambayo pengine hata nyumbani kwake haikuonekana kila siku.

"Hii," alisema Fundi, akigonga kioo kwa kidole. "Huu ndio mkono wangu. Imetoka kamera gani?"

"Ile ndogo, mzee."

"Basi nimeidharau bure. Nimepiga hii nayo?"

Muuzaji alikuwa na jicho la biashara, si la diplomasia. Akasogeza kidole mpaka pembeni mwa picha. "Lakini mzee, hiki kiwiko si chako?"

Palikuwa na kiwiko kweli, kimevaa mistari ya kijani. Fundi aliutazama mkono wa shati lake, akaitazama picha, akarudi kwenye shati. Mpigapicha hajipigi kiwiko. Mwanamke wa malipo alirudi polepole kwenye mashine yake.

"Ni wewe?" Fundi alimuuliza mkewe.

Angeweza kusema kitufe kimejibonyeza chenyewe. Jibu hilo alikuwa nalo mdomoni. "Ni mimi," alisema.

Walinunua ile ndogo. Fundi alitoa fedha bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Njiani alibeba boksi kwapani, hatua mbili mbele, na walipolipita soko akageuka.

"Tangu lini?"

"Tangu ile harusi ya mwalimu."

"Zote?"

Mke alifikiri. "Zile nzuri."

Fundi akatembea. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Siku tatu maneno ndani ya nyumba yalikuwa ya kula na kunawa tu. Ya nne alikuja mwuguzi na mama yake na dada zake wanne, wapigwe picha pamoja kabla mmoja hajasafiri. Mke alisimama katikati ya chumba akisubiri kuambiwa. Fundi alimvisha mkanda wa kamera shingoni, akaenda akashika taa. Mwanzo alikuwa bubu. Kisha yule mama akakunja uso kwa sababu ya mwanga, Fundi akamwambia avumilie, hata yeye jua humchoma kila siku na hajawahi kulinunia. Dada wanne wakacheka, na mama naye akafuata.

Jioni, mbele ya kompyuta, mkono wa mke ulikwenda wenyewe pale pembeni kukata kiwiko cha mshika taa. "Kiache," alisema Fundi nyuma yake.

Siku iliyofuata mume wa mwuguzi, ambaye hakuwapo wakati wa kupiga, alikuja kuichukua picha. Aliiangalia muda mrefu, hasa uso wa mama mkwe wake. "Fundi, mkono wako hauzeeki," alisema. "Lakini huku pembeni, hiki kiwiko cha nani?"

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Cha msaidizi," alisema.